Raba za mbio: miaka hamsini ya kutafuta ulaini

Leo naomba tuweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona kwamba hatutaenda mbali nayo.

Majuma mawili yaliyopita ndugu yangu mdogo alinipigia simu akiwa dukani. Ameanza kukimbia asubuhi kabla ya kwenda kazini, kilomita tano, siku nne kwa wiki, na raba zake za zamani zimekwisha kabisa. Akaniambia, "Kaka, kuna pea mbili hapa na pesa zangu zinatosha moja tu. Hii moja soli yake ni nene kama mkate, ukikanyaga unazama. Ile nyingine ni nyembamba, ngumu kidogo, lakini nyepesi. Nichukue gani?"

Katika familia yetu mimi ndiye fundi wa mitambo, kwa hivyo kila kitu chenye karatasi ya maelezo huletwa kwangu, hata kiatu. Nilimwambia anipe hadi jioni. Jioni ilifika, nikaomba siku moja zaidi, na mwishowe nikamaliza wiki nzima. Kila nilipouliza ni ipi bora, nilirudishwa kwenye maswali mengine. Nani aliyesema kwanza kwamba raba ya mbio inafaa kuwa laini? Alisema lini? Na alipima kwa kutumia nini? Niliyoyapata ndiyo nataka kuwasimulia, kwa sababu bei ya pea moja ya raba si pesa kidogo, na goti halina spea.

Kabla ya povu

Tuanze na mpira wenyewe. Utomvu wa mpira ulikuwa na shida moja kubwa: ukipata joto unanata, ukipata baridi unakakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unakuwa imara, na mwaka 1844 akapewa hataza ya ugunduzi huo. Kuanzia hapo ikawezekana kutengeneza soli ya mpira inayodumu, na viatu vya turubai vyenye soli ya mpira vikaenea.

Lakini mpira mgumu si ulaini. Kwa miaka mingi iliyofuata, fundi wa viatu vya mbio aliwaza hasa mambo mawili: kiatu kiwe chepesi, na kisiteleze. Jesse Owens alishinda medali nne za dhahabu mjini Berlin mwaka 1936 akiwa na viatu vya ngozi vyenye misumari chini. Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki bila viatu kabisa, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alivaa viatu na akashinda tena, kwa 2:12:12. Watu hupenda kutaja mojawapo ya mbio hizo na kuisahau ya pili, kulingana na hoja wanayotaka kuitetea. Mimi nazichukua zote mbili. Mguu uliozoea unaweza mengi, na viatu havikumzuia.

Mtumiaji mpya

Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba mfumo hubadilika pale aina mpya ya mtumiaji inapoingia. Ndivyo ilivyokuwa kwa raba.

Mwishoni mwa mwaka 1962 kocha Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alisafiri hadi New Zealand. Huko alikutana na kocha Arthur Lydiard, ambaye alikuwa akiwakimbiza watu wa kawaida, hata wazee, polepole kwa ajili ya afya. Bowerman aliona jambo hilo ni geni na zuri. Aliporudi nyumbani alianza kuwakimbiza majirani zake, na mwaka 1967 yeye na daktari W. E. Harris wakatoa kitabu kuhusu mbio hizo za polepole, nacho kikauzwa sana. Mwaka 1972 Frank Shorter akashinda marathoni ya Olimpiki ya Munich, na Wamarekani wengi wakatoka nje kukimbia.

Hebu mfikirie mkimbiaji huyu mpya. Si kijana wa miaka ishirini aliyekulia uwanjani. Ni karani wa miaka arobaini aliyeketi ofisini mchana kutwa, ana kilo kadhaa za ziada, na anakimbia kwenye lami. Anatua kwa kisigino. Baada ya wiki chache muundi unamuuma, goti linalalamika. Huyu hakuhitaji misumari. Alihitaji kitu cha kumsaidia kesho aamke akimbie tena. Hapo ndipo raba ya mazoezi ya kila siku ilipozaliwa, tofauti na kiatu cha mashindano.

Bowerman na mwanafunzi wake wa zamani Phil Knight walikuwa wameanzisha kampuni mwaka 1964 wakiuza viatu vya Onitsuka kutoka Japani. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Nike. Mojawapo ya viatu alivyobuni Bowerman, Cortez, kilikuwa na tabaka la sponji kutoka kisigino hadi vidoleni, na kisigino kilichoinuliwa. Mwaka 1971 alimwaga mpira kwenye chuma cha kuokea keki za miraba nyumbani kwake, akitafuta soli nyepesi inayoshika ardhi. Chuma cha mkewe kiliharibika, ila soli ilipatikana.

Hatua kubwa zaidi kwa hadithi yetu ilikuja katikati ya miaka ya 1970. Kampuni ya Brooks ilianza kutumia plastiki iitwayo EVA kwenye soli ya katikati, yaani lile tabaka lililo kati ya mguu na mpira wa chini unaogusa barabara. EVA huchanganywa na kemikali inayotoa gesi inapopashwa moto, kwa hivyo plastiki inaumuka kama maandazi. Unachopata ni povu lililojaa vijumba vidogo vilivyofungwa. Ukikanyaga vijumba vinabonyea, ukiinua mguu vinarudi. Ni nyepesi kuliko mpira na ni rahisi kutengeneza. Hata leo, ukichukua raba za mazoezi za bei ya kati dukani, mara nyingi ni EVA hiyo hiyo au mchanganyiko wake.

Mashine inayopiga kisigino

Baada ya kampuni kuwa nyingi, mnunuzi alihitaji mtu wa kumwambia ipi ni ipi. Jarida la Marekani, Runner's World, lilianza kupanga raba kwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakamshirikisha Peter Cavanagh, mtaalamu wa mwendo wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Penn State, ambaye mwaka 1980 alitoa kitabu kizima kuhusu raba za mbio. Viatu vikaingizwa maabara. Vilipimwa uzito, vilikunjwa na mashine, na ulaini wake ukapimwa kwa kuangusha uzito juu ya kisigino na kusoma mshtuko uliopita.

Mimi binafsi nalipenda jambo hili. Kabla yake kila muuzaji alijisifu apendavyo. Sasa kulikuwa na namba moja, inayorudiwa, isiyojali tangazo. Lakini kila aliyewahi kupima kasi ya programu anajua mtego uliopo. Kipimo cha maabara hujibu swali la maabara. Seva inaweza kung'ara kwenye jaribio na kuzimika siku watu halisi wanapoingia. Uzito wa chuma ukianguka kisiginoni hauna goti la kukunja, hauna misuli inayokaza, na hauogopi kuumia. Unaanguka vilevile mara elfu moja. Mkimbiaji haanguki vilevile mara mbili.

Hata hivyo namba zilishika kasi. Ulaini ukawa sifa inayoonekana kwenye jedwali, na kitu kinachoonekana kwenye jedwali ndicho kinachouzwa.

Hewa, jeli na tarakilishi

Mhandisi wa mambo ya anga, Marion Franklin Rudy, alikuja na wazo la kufungia gesi ndani ya mfuko wa plastiki na kuuweka chini ya mguu. Povu huchoka, aliona, lakini gesi haichoki. Nike walilikubali, na mwaka 1978 kiatu cha kwanza cha aina hiyo, Tailwind, kikatoka. Mfuko wenyewe haukuonekana. Mwaka 1987 mbunifu Tinker Hatfield, aliyesomea usanifu wa majengo, alitoboa dirisha kwenye soli ili watu wauone. Anasema alipata wazo hilo kutoka Centre Pompidou, jengo la Paris ambalo mabomba yake yako nje. Hewa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa uliweza kuiona.

Mwaka 1986 ASICS wa Japani walileta jeli kwenye soli. Kila kampuni ikawa na kitu chake chenye jina lake.

Na sasa sehemu niliyoifurahia zaidi. Mwaka 1984 Adidas walitoa Micropacer, kiatu chenye kifaa cha kielektroniki kilichohesabu umbali. Mwaka 1986 Puma wakajibu kwa RS-Computer. Kisanduku kilikuwa nyuma ya kisigino. Ukifika nyumbani unakiunganisha kwa waya na tarakilishi yako, iwe Apple II, Commodore 64 au ya IBM, na programu inakuonyesha umekimbia kiasi gani. Leo simu ya mfukoni hufanya hayo yote bila waya, lakini mtu aliyeandika programu ile mwaka 1986 namvulia kofia.

Adidas hawakuishia hapo. Mwaka 2005 waliuza kiatu kilichoitwa adidas 1, kwa dola 250. Ndani ya kisigino kulikuwa na sumaku na sensa iliyopima jinsi soli inavyobonyea kila hatua. Prosesa ndogo ilisoma vipimo hivyo, kisha mota ndogo ikavuta kebo na kubadilisha ugumu wa kisigino wakati mtu anakimbia. Ukitoka kwenye lami na kuingia kwenye nyasi, kiatu kinajirekebisha. Ilikuwa kazi nzuri sana ya uhandisi, na haikudumu sokoni.

Nilipokuwa nikisoma habari zake nilijiuliza mbona haikufaulu. Bei, ndiyo. Uzito na betri, ndiyo. Lakini kuna sababu nyingine inayouma zaidi: kazi ambayo prosesa ile ilikuwa ikifanya, mwili ulikuwa tayari unaifanya bure.

Mguu unajirekebisha wenyewe

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Daniel Ferris, Micky Louie na Claire Farley, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokimbia juu ya sakafu zenye ulaini tofauti. Waligundua kwamba mtu akikanyaga sakafu laini, mguu wake unakaza zaidi. Akikanyaga ngumu, mguu unalegea. Hivyo jumla ya mguu na sakafu inabaki karibu palepale, na mtu anaendelea na mwendo wake bila hata kujua.

Fikiria maana yake kwa kiatu. Unanunua povu nene ili kupunguza mshtuko, mwili unahisi ulaini, unakaza goti na kifundo, na sehemu ya faida inarudi ilikotoka. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Juha-Pekka Kulmala waliwakimbiza wanaume 12 wakiwa na raba ya kawaida ya mazoezi, kisha raba yenye povu nene sana. Kwenye raba nene, mshtuko wa kwanza wa mguu kugusa ardhi uliongezeka badala ya kupungua, hasa walipokimbia kwa kasi. Watu 12 ni wachache na siwezi kusema neno hilo ndilo la mwisho. Linatosha tu kuonyesha kwamba unene wa soli na wepesi wa mshtuko si kitu kimoja.

Tukageuzwa ushahidi

Baada ya miaka thelathini ya kuongeza povu, watu wengine waligeuka na kusema tulitupe lote. Mwaka 2009 kilitoka kitabu cha Christopher McDougall kuhusu Watarahumara wa Mexico wanaokimbia mbali na kandambili nyembamba. Januari 2010 jarida la Nature likachapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake. Wakimbiaji waliozoea kwenda bila viatu, wakiwemo vijana wetu wa Bonde la Ufa, mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kutua huko kulileta mshtuko mdogo kuliko kutua kwa kisigino.

Utafiti ulikuwa mzuri na wenye tahadhari. Yaliyofuata hayakuwa na tahadhari. Ghafla kijana wa Iten anayekimbia pekupeku akawa tangazo la kuuza viatu vyenye vidole kwa watu wa nchi za mbali. Waliosoma haraka hawakuuliza kama kijana huyo alikosa viatu kwa kupenda au kwa kukosa pesa, wala hawakuona kwamba wanariadha wetu wakishaanza kulipwa huvaa raba zenye povu kama wengine. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia wamezoea kwenda bila viatu. Wengi wao, katika mwendo waliojichagulia, walitua kwa kisigino. Kwa hiyo hata hapa nchini mwetu hakuna "mtu wa pekupeku" mmoja. Kuna kasi, kuna ardhi, kuna mazoea.

Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, iliyouza viatu vya vidole, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi Marekani kuhusu madai yake ya faida za kiafya. Wimbi likapungua. Lakini kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba walikuwa wanajibu swali halali: ni nani aliyewahi kuthibitisha kwamba povu linazuia majeraha?

Povu larudi kwa kishindo

Wakati mjadala huo unaendelea, Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, walianzisha Hoka mwaka 2009. Walitaka kiatu cha kuteremkia milima, na wakaweka povu jingi kuliko mtu yeyote. Watu waliwacheka kwanza. Baadaye waliocheka wakaiga.

Mwaka 2013 Adidas na kampuni ya kemikali ya BASF walileta povu la aina nyingine, Boost: chembe za plastiki ya TPU zilizoumuliwa kama bisi, kisha zikaunganishwa kwa mvuke. Liliporudi baada ya kubonyezwa lilirudisha nguvu zaidi kuliko EVA. Septemba mwaka huo Wilson Kipsang alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa 2:03:23 akiwa na viatu vya Boost, na mwaka 2014 Dennis Kimetto akaishusha hadi 2:02:57 katika mji uleule, kwa povu lilelile.

Kisha 2017. Nike walitumia plastiki nyepesi iitwayo PEBA pamoja na bamba la kaboni. Mei 2017, kule Monza, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 2:00:25 katika jaribio lisilohesabiwa kama rekodi. Maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado iliwapima wakimbiaji 18 na kupata kwamba kiatu hicho kilipunguza nishati waliyotumia kwa wastani wa asilimia 4 ikilinganishwa na viatu bora vya wakati huo. Povu lilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyowekwa; Boost ilirudisha takriban 76. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna Kipchoge akakimbia kwa 1:59:40, na kesho yake mjini Chicago Brigid Kosgei akafuta rekodi ya wanawake iliyodumu tangu 2003, kwa 2:14:04. Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo kwa mashindano ya barabarani: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu.

Angalia kwamba maana ya povu imebadilika hapa. Mwaka 1975 povu lilikuwa la kulinda. Mwaka 2017 povu lilikuwa la kurudisha nguvu. Mchuuzi hutumia neno lilelile, ulaini, kwa mambo yote mawili, na mnunuzi anayetaka kukimbia kilomita tano asubuhi hulipia rekodi ya Berlin bila kujua.

Basi, je, povu hulinda?

Jibu bora nililolipata linatoka Luxembourg, kwa Laurent Malisoux na wenzake. Walifanya kile ambacho sisi tungependa kufanya kila mara: wakatengeneza matoleo mawili ya kiatu kinachofanana kwa kila kitu isipokuwa ugumu wa soli, wakayagawa kwa bahati nasibu, na mkimbiaji hakujua amepewa lipi. Mwaka 2014, kwa wakimbiaji 247, hawakuona tofauti ya majeraha. Mwaka 2020 wakarudia kwa wakimbiaji 848 kwa miezi sita, safari hii tofauti ya ugumu ikiwa kubwa zaidi. Waliovaa soli ngumu walikuwa na hatari ya kuumia kubwa zaidi kwa takriban nusu. Jambo la kushangaza ni kwamba faida ya soli laini ilionekana wazi kwa watu wepesi, si kwa wazito. Sote tungedhani kinyume chake.

Mwaka 2022 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 12 yenye washiriki zaidi ya 11,000, na hitimisho lao ni la kunyenyekeza: ushahidi uliopo hauonyeshi kwa uhakika kwamba aina fulani ya raba hupunguza majeraha kuliko nyingine. Hata ule ushauri wa zamani wa kuangalia uvungu wa wayo wako na kupewa raba ya aina yako ulijaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na 2010, na haukupunguza majeraha.

Lakini hatukuachwa mikono mitupu. Timu ileile ya Luxembourg ilifuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, ikaona kwamba waliobadilishana zaidi ya pea moja waliumia kidogo kuliko waliovaa pea moja tu. Naye Benno Nigg wa Calgary, aliyepima viatu kwa miongo mingi, mwaka 2015 alipendekeza pamoja na wenzake kwamba kigezo cha kwanza kiwe starehe: vaa, kimbia kidogo, na uuamini mguu wako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi kudanganywa. Miaka hamsini ya maabara, halafu naambiwa nisikilize mguu? Lakini mguu ndio una sensa nyingi kuliko adidas 1, na umefanyiwa majaribio maisha yako yote.

Nilichomwambia ndugu yangu

Nilimpigia simu na kumwambia mambo matano.

Kwanza, arudi dukani jioni, wakati nyayo zimevimba kidogo, avae pea zote mbili na soksi za kukimbilia, kisha akimbie nje mita mia moja kwa kila moja. Ile inayobana vidole iachwe hata kama ina povu la dhahabu.

Pili, aangalie anakokimbilia. Povu nene na laini sana kwenye barabara yenye mawe na mashimo humfanya mtu ayumbe. Aibonyeze soli kwa kidole gumba pande zote, kisha asimame kwa mguu mmoja aone kama kifundo kinacheza.

Tatu, uzito. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza nishati ya kukimbia kwa takriban asilimia 1. Kwa bingwa ni medali. Kwa kilomita tano za asubuhi ni kitu kidogo mno, kwa hivyo asilipe zaidi kwa ajili yake.

Nne, umri wa povu. Hili nililijua kwa machungu. Mwaka juzi nilinunua pea ya mtumba iliyoonekana mpya kabisa, mpira wa chini haujalika hata kidogo. Kilomita ya tatu soli ya katikati ikaanza kumomonyoka kama mkate mkavu, nikarudi nyumbani nikiokota vipande. Lile lilikuwa povu la poliurethani, ambalo huliwa na unyevunyevu wa hewa hata likikaa kabatini. EVA haimomonyoki hivyo, lakini hukakamaa na kubaki imebonyea. Ukiona mikunjo mingi ubavuni mwa soli, kazi yake imekwisha. Kanuni inayotajwa sana ni kilomita 500 hadi 800 kwa pea. Kwa kilomita 20 kwa wiki, hiyo ni wiki 25 hadi 40. Si sheria, ni makadirio, lakini yanasaidia kupanga bajeti.

Tano, asibadilishe kila kitu siku moja. Kutoka soli nyembamba kwenda nene, au kinyume, ni kuuambia mwili uandike upya programu nzima. Aanze na nusu ya umbali kwa wiki mbili.

Basi akarudi dukani. Ile nyembamba ilimbana kidole kidogo, akaichukua ile nene. Yeye ni mwembamba, kilo 58, kwa hivyo utafiti wa mwaka 2020 hauko mbali naye. Jana nilimuuliza miguu inaendeleaje, akasema, "Haiumi, kaka." Wiki moja si jaribio na mtu mmoja si utafiti, nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema kesho saa kumi na moja na nusu anapita kwangu twende pamoja, nilete ule ubingwa wangu wa maabara barabarani.

Haya, nimesema yangu. Wewe unayesoma hapa ukiwa na raba za zamani mlangoni, kabla hujazitupa wala kuzisifu, zibonyeze soli kwanza.